Barua kwa Mwanangu Kuhusu Wakulima wa Ireland

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini wakulima wa Ireland, kabla ya njaa kuu iliyoanza 1845, hawakujenga nyumba za maana wala kuyastawisha mashamba waliyoyalima vizazi kwa vizazi, na kama ni kweli, kama ulivyosoma, kwamba walikuwa wavivu. Nakusihi usiliamini neno hilo.

Wengi wao walikuwa wapangaji wasio na mkataba wa miaka mingi, ambao kabaila aliweza kuwaondoa kwa notisi ya miezi sita. Mpangaji aliyechimba mitaro ya kutoa maji shambani, akajenga ukuta wa mawe na kuezeka nyumba upya, hakujiongezea mali: kisheria vyote vilikuwa vya mwenye ardhi, ambaye aliweza kupandisha kodi kwa kuwa shamba limependeza. Huko Ulster, kaskazini, desturi ilimruhusu anayeondoka kulipwa na anayeingia, ingawa haikuwa sheria.

Linaloniuma zaidi ni deni. Mara nyingi mpangaji mpya aliruhusiwa kuchelewesha kodi ya nusu mwaka wa kwanza, jambo linalofanana na huruma. Lakini deni hilo halikufutwa wala halikudaiwa, bali liliachwa juu ya kichwa chake mwaka hadi mwaka, na siku ambayo wakala wa kabaila angechukizwa naye, labda kwa kura aliyoipiga, angelidai lote na kukamata ng'ombe wake. Nafaka na nguruwe viliuzwa ili kulipa kodi, familia ikabaki na viazi, kwa sababu hapakuwa na zao jingine la kuilisha nyumba nzima kutoka kwenye kipande kidogo namna ile.

Serikali ya Uingereza, iliyoitawala Ireland, ilijua. Tume ya Earl wa Devon, iliyoundwa 1843 kuchunguza hali ya wapangaji wa ardhi, ilisikiliza mashahidi zaidi ya 1,000 na kutoa ripoti Februari 1845. Mwaka uleule Lord Stanley, waziri katika serikali hiyo, alipeleka muswada wa kuwafidia wapangaji kwa kazi waliyoiongeza katika ardhi. Makabaila waliokuwa Bungeni wakaupinga hadi ukaondolewa. Septemba ugonjwa wa viazi ukaingia.

Na kuhusu uvivu, tazama kijiji cha Ballinlass, Galway, magharibi mwa Ireland. Machi 1846 familia za huko zilivunjiwa nyumba ili ardhi iwe malisho ya mifugo, ingawa ilielezwa kwamba walikuwa na kodi mkononi, na kwamba sehemu ya ardhi hiyo ilikuwa kinamasi walichokikausha wao wenyewe.

Mama yako