Kabla hujatundika uso wa tembo ukutani

Maonyesho yangu ya kwanza yalikuwa na picha 31 kwenye chumba kilichotosha picha 12. Yalikuwa hapa Arusha, katika ukumbi mdogo wa sanaa, na picha zote zilikuwa za nyuso tupu za wanyama: tembo, simba, chui, twiga, nyati, fisi. Vijana kadhaa wanaopiga picha mbugani wameniuliza nao waanzie wapi, basi naandika yale niliyoyapata, nikianza na lile nililochelewa zaidi kulielewa.

Jioni ya kuamkia ufunguzi, mama aliyekuwa akipiga deki ukumbini alisimama mbele ya tembo jike niliyempiga picha katika hifadhi ya Tarangire. Akamtazama, kisha akageukia ukuta wa pili, kulikokuwa na picha ya mtoto wa tembo.

"Mwanangu, huyu ndiye mama yake yule?"

Nikamjibu kwamba sijui, mama.

"Si ulikuwepo?"

Nilikuwepo, tena kwa zaidi ya saa nzima. Nikafungua kompyuta nikaanza kupitia picha zote za asubuhi ile. Yule jike ana pengo kwenye ukingo wa chini wa sikio la kulia, kama kipande kilichong'olewa kwa koleo. Katika picha ya saa moja na dakika arobaini, ambayo sikuwahi kuijali kwa sababu fremu imemkata jike sehemu ya juu ya kichwa, pengo lile linaonekana vizuri, na mtoto ameingiza kichwa kati ya miguu yake ya mbele, ambako ndiko yalipo matiti ya tembo. Ananyonya. Mama na mwanawe nilikuwa nimewatenganisha kwa upana wa chumba. Usiku ule tulihamisha picha sita ili wawili wale wakae pamoja, na kwa wiki mbili zote hapakuwa na mahali watu waliposimama muda mrefu kama pale.

Picha ya uso ni ya mnyama fulani, huyo na si mwingine. Lebo yangu ilikuwa imeandikwa "Tembo, Tarangire", na hiyo ni sawa na kumpiga bibi yako picha halafu ukaandika chini "Mwanamke, Babati". Walio karibu na wanyama hawafanyi hivyo. Kule Amboseli, Kenya, watafiti wamekuwa wakiwafuatilia tembo mmoja mmoja tangu 1972, na huwatambua kwa mapengo na mishipa ya masikio. Simba hutambulika kwa mpangilio wa vidoa panapoota sharubu. Mabaka ya twiga hukolea rangi kadiri anavyozeeka, lakini mpangilio wake haubadiliki mpaka anakufa. Faru Fausta wa Ngorongoro alipokufa Desemba 2019, akiwa na miaka 57, habari zake zilifika mbali kwa sababu alikuwa na jina na umri wake ulijulikana. Kwa hiyo nenda na daftari. Andika siku hiyohiyo: dume au jike, alikuwa na nani, ana kovu wapi, alikuwa akifanya nini kabla hajakutazama. Muulize dereva na muulize askari wa hifadhi, maana mara nyingi wanamfahamu. Mambo hayo ukiyaacha kwa mwezi mmoja, hayapatikani tena.

Daftari hilo litakusaidia pia kuchagua. Nilikuwa na picha moja niliyoipenda sana, ya tembo dume aliyenikabili masikio yakiwa yametanuka na kichwa kimeinuka. Kila aliyeiona alisifu. Lakini tembo anayekaa hivyo anakuonya kwamba umemsogelea mno, na nilipokumbuka jinsi dereva alivyorudisha gari nyuma kwa haraka niliona aibu kuiweka ukutani kana kwamba ni uzuri wake tu. Nikaitoa. Picha ya mnyama aliyesumbuliwa ili atazame kamera isiingie kwenye maonyesho, hata ikiwa kali namna gani.

Sasa kuchapa. Kamera yenye pikseli 6000 kwa 4000 inakupa takribani inchi 20 kwa 13 ukichapa nukta 300 kwa inchi, na inchi 30 kwa 20 ukishuka hadi nukta 200, ambazo kwa picha inayotazamwa ukiwa umesimama hatua mbili zinatosha. Lakini ukiikata picha mpaka ubaki na jicho na pua, hesabu hiyo yote imevunjika, kwa hiyo hesabu pikseli zilizobaki kabla hujamwahidi mtu ukubwa. Picha zangu nne za kwanza zilitoka na giza kwa sababu skrini yangu ilikuwa na mwanga mkali kupita kiasi. Nyati mmoja alibaki hana jicho, weusi mtupu. Tangu hapo huchapa kwanza kipande cha upana wa kiganja chenye jicho, kwa karatasi ileile, nakipeleka ukumbini, nakishika ukutani chini ya taa zilezile. Kama ile nuru ndogo ndani ya jicho haionekani pale, narudi kazini.

Vioo navyo vilinipa shida. Fundi alinifungia vioo vya kawaida, na ukumbi una madirisha upande wa mashariki. Kufika saa tatu asubuhi, mgeni aliyemtazama chui aliona dirisha na sura yake mwenyewe. Siku hizi natumia karatasi isiyong'aa, na panapowezekana naacha kioo kabisa. Ukihitaji kioo, hasa kama picha zinakwenda Tanga au Unguja kwenye unyevu, weka ukingo wa kadibodi ili picha isigusane nacho. Ikigusa itanata, na ukiibandua inachanika.

Kutundika kuna kanuni inayojulikana: katikati ya picha pawe kama sentimita 150 kutoka sakafuni. Mimi kwa picha za nyuso napima macho badala ya fremu, ili mgeni akutane na mnyama jicho kwa jicho. Tumia pima maji, usiamini macho yako. Yule mtoto wa tembo nilimshusha hadi kimo cha mtoto wa shule ya msingi, na wanafunzi walipokuja walimkimbilia yeye kwanza.

Kuhusu vibali, picha za biashara ndani ya hifadhi zina taratibu zake. Waulize TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na kwa Ngorongoro mamlaka yake, kabla ya safari, si baada. Na ukisema utachapa nakala kumi tu za picha moja, andika namba kwa penseli kwenye kila nakala, kisha usichape ya kumi na moja hata aje nani.

Mgeni mmoja alitaka kumnunua yule jike peke yake, akatoa bei nzuri. Nilimweleza kwamba anakwenda na mwanawe. Akaondoka, hakurudi. Wote wawili wako sebuleni kwangu, mtoto akiwa chini kidogo ya bega la mama yake.