Kaburi la Mwanahewa Kijijini: Uliza Kwanza Kwa Nini Yuko Hapo

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza, ilijaa viwanja vya ndege za kivita. Hadi leo makanisa mengi ya vijijini kule yana mawe meupe ya makaburi ya wanahewa, yaani wanajeshi wa anga. Kwa kuwa huwa nayafuatilia, watu huniuliza waanzie wapi. Wengi wao wameshakimbilia kutafuta jina mtandaoni. Mimi nasema tulia kwanza, ujiulize kwa nini huyu amezikwa hapa.

Walioanguka Ujerumani au Ufaransa kwa kawaida walizikwa hukohuko. Aliyefia Uingereza akiwa na wazazi nchini, aliweza kusafirishwa kwa treni hadi kwao. Ndiyo maana kaburi la peke yake mara nyingi ni la kijana wa kijiji hichohicho, hata kama alifia mbali. Wakanada, Waaustralia na watu wa New Zealand walizikwa karibu na kambi. Pale Scampton, kijiji cha Lincolnshire, kwenye kanisa la Mtakatifu Yohana Mbatizaji, utawakuta, na Wajerumani wachache wamo pia.

Nakili kila kilichochongwa, hasa namba ya jeshi: kwa Mkanada, J mbele yake ni ofisa, R ni wa vyeo vya chini. Kisha soma mawe ya jirani. Tarehe zikifanana, huenda walikuwa ndege moja; Lancaster, ndege ya kudondosha mabomu, ilibeba watu saba.

Kumbukumbu za skwadroni, yaani vikosi vya ndege, zimo katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London, kundi la AIR 27: nani aliruka na nani, saa ya kupaa, saa ya kutua. Ila maelfu walikufa mazoezini, na kumbukumbu za vikosi vya mafunzo, AIR 29, ni bahili wa majina. Hapo mwombe kasisi kitabu cha mazishi cha parokia. Magazeti ya wakati ule usiyategemee sana. Udhibiti wa habari wakati wa vita ulificha mengi.

Ukipata Mwaustralia, una bahati. Faili za A705, za askari wa anga waliokufa, za Nyaraka za Taifa za Australia, nyingi zinasomeka bure mtandaoni, na ndani yake mna barua za wazazi wakiuliza mtoto wao alikufaje. Zisome taratibu.

Chini ya jiwe, familia iliruhusiwa kuchongesha maneno machache yake. Jiwe la mtu wa New Zealand likikosa maneno hayo, usiwalaumu ndugu zake: serikali yao ndiyo iliyokataa.