Popo wa darini: kaa, usiwakimbize

Ndugu yangu, umesema popo wadogo wanaotoka kwenye dari ya jirani wanakuwa ukungu tu pichani. Usiwakimbize na kamera. Kaa kabla ya adhana ya magharibi, tafuta tundu wanalotokea. Ukutani chini yake utaona weusi wa mafuta na vinyesi kama punje nyembamba za mchele mweusi. Weka fokasi kwa mkono hapo, anga yenye mwanga iwe nyuma yao, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 3200, kasi ya kufyatua picha sekunde 1/1000. Utapata vivuli safi, mbawa zimetanda juu ya vidole virefu. Lakini flashi usiielekeze tunduni, nakusihi: mwanga wake ukiwachelewesha kutoka, wanakosa saa ambayo wadudu wamejaa. Akianguka mmoja, usimshike mikono mitupu.