Fonti ya kitabu cha mashairi: mimi nasema chukua Garamond

Ndugu yangu umeuliza fonti gani ya kupangia mashairi ya marehemu babako, na wengine walokujibu washakwambia chukua yoyote ilokuja na komputa. Usifanye hivyo tafadhali. Mimi niko kwenye mambo ya printi hapa Mombasa miaka kumi na ushee, kitabu changu cha kwanza kilikuwa tenzi za nyanya yangu, nikakiweka fonti ya Bodoni manake kwenye skrini ilinipendeza, herufi zake zina mistari minene halafu mingine myembamba kama uzi. Kupitisha kwenye fotokopi, ile myembamba yote ikapotea, "n" ikawa vijiti viwili kila kimoja kivyake. Mamangu akasoma beti mbili akakirudisha mezani. Iliniuma sana.

Nikakipanga upya kwa EB Garamond, toleo moja la Garamond, iko bure, na mara hii alisoma mpaka adhana ya magharibi.

Hizi fonti za serifu za kizamani, yaani zenye vimguu kwenye ncha za herufi, zina mkono wa mtu ndani yake. Claude Garamond kule Paris, karne ya 16, alikuwa akichonga herufi moja moja kwenye ncha ya chuma, tena kinyumenyume, kisha kile chuma kinagongwa kwenye shaba ndio ipatikane kalibu ya kumiminia madini ya risasi yaloyeyushwa, yawe herufi za kuchapia. Na umbo lenyewe limefuata kalamu ya ncha bapa ilolazwa upande, kama umepita chuoni, madrasa, ukaandika kwa kalamu ya mwanzi utaielewa mara moja. Itazame "o" kwa karibu: pale pembamba hapako juu katikati, pako kushoto kidogo, kama imeinamisha kichwa. Na vile vimguu vya chini havijakatwa kwa pembe, vinatanuka polepole kama shina la mbuyu. Unene na wembamba havipishani sana kwa hivyo hata mashine mbovu haizimalizi herufi. EB yenyewe imetokana na karatasi ya sampuli za herufi ya 1592, mwaka mmoja kabla Wareno hawajaanza kujenga Fort Jesus!

Kisha Kiswahili chetu kimejaa "a". Andika "wakaandamana" uhesabu, ziko sita. "a" ya Garamond ina tumbo dogo, neno linapumua, jicho halichoki.

Ila herufi zake ndogo ni fupi, saizi 10 itawatesa wazee, weka 12 na uachanishe mistari. Kadi ya harusi inafaa vizuri sana, bango la barabarani hapana, kwa mbali haisomeki. Na kwenye ng'ombe na ng'ambo tia ile alama ilopinda kama 9 ndogo, si ule msumari wima.

Ukishapanga kurasa mbili tatu zitoe kwa karatasi kwanza, na iwe mashine ile ile itakayochapa kitabu.