Uzamili wa elimu ya afya na ushauri nasaha wa uraibu: maswali ya wasomaji

Mwezi huu tumepokea barua kadhaa kutoka kwa wasomaji wanaotaka kusomea shahada ya uzamili ili wawasaidie watu wenye uraibu wa dawa za kulevya na pombe. Tumechagua nne, tukafupisha maswali na kuacha majina.

Mimi ni muuguzi mwenye shahada ya kwanza, na ninafanya kazi katika kliniki ya methadoni, dawa wanayopewa waraibu wa heroini kama tiba, hapa Dar es Salaam. Natafuta uzamili utakaonipa elimu ya afya pamoja na ushauri nasaha kwa waraibu, lakini nikipitia miongozo ya udahili sioni shahada yenye jina hilo. Mume wangu ananishauri nisome Afya ya Jamii kwa kuwa ndiyo yenye ajira. Nifuate lipi?

Dada yangu, huioni kwa sababu fani hizo mbili, ingawa zinamhudumia mtu yule yule, kwetu hufundishwa katika idara tofauti. Mwelimishaji wa afya huanza na jamii nzima: huuliza kwa nini vijana wa mtaa fulani wanaanza kuvuta, wanamsikiliza nani, na nini kibadilike shuleni, kijiweni au katika sheria ili wasianze. Mnasihi, yaani mtoa ushauri nasaha, huanza na mtu mmoja aliyekaa mbele yake, ambaye ameshaanza na pengine ameshajaribu kuacha mara kadhaa akashindwa. Kwa hiyo itakubidi uchague fani moja iwe shina la masomo yako, na nyingine uiongezee kwa tasnifu na kwa mafunzo ya muda mfupi.

Kwa mtu wa kazi yako, mimi ningechagua unasihi uwe shina. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kina uzamili wa Saikolojia ya Tiba na uzamili wa Uuguzi wa Afya ya Akili, na zote mbili ziko karibu na kazi unayoifanya kuliko Afya ya Jamii. Huduma ya methadoni ilianza pale Muhimbili Februari 2011, kisha ikafuata Mwananyamala na Temeke, na leo imefika mikoa kadhaa. Wewe unajua kinachotokea dirishani kuliko mhadhiri yeyote atakayekufundisha: mteja anakunywa dawa yake mbele yako, unamsemesha neno moja au mawili ili uhakikishe amemeza, naye anaondoka. Dozi iliyopangwa vizuri humwondolea arosto, yaani maumivu ya kukosa dawa za kulevya, kwa siku nzima, lakini haimrudishii ndoa, kazi wala imani ya mama yake aliyeuziwa vyombo vya ndani. Kazi hiyo iliyobaki inahitaji mtu aliyefundishwa kuifanya, na watu hao bado ni wachache mno katika kliniki zetu.

Kabla hujalipa ada ya maombi, usiishie kwenye jina la shahada. Uliza ni saa ngapi utakaa na wateja ukiwa chini ya msimamizi, msimamizi huyo ni nani, na kama atasikiliza mazungumzo yako halisi au atasoma ripoti tu. Swali hili ndilo linalotenganisha programu nzuri na programu ya makaratasi, na ninasikitika kuona waombaji wengi hawaliulizi. Chukua mfano wa usaili wa kuhamasisha, mbinu ya mazungumzo inayomsaidia mteja aone mwenyewe sababu za kubadilika, ambayo mwanasaikolojia William Miller aliielezea kwa mara ya kwanza mwaka 1983 alipokuwa akishughulikia watu wenye matatizo ya pombe, na baadaye akaiendeleza pamoja na Stephen Rollnick. Kuisoma kitabuni ni kazi ya jioni moja, lakini kuitenda huchukua muda mrefu, kwa sababu inakutaka uache kufanya jambo ambalo sisi wahudumu wa afya tumelizoea, yaani kuhubiri. Mteja anasema: “Mimi nimepunguza, dada, nimebakiza kete ya jioni tu.” Asiyefundishwa atajibu kwamba hata hiyo moja ni hatari, na mteja ataanza kuitetea. Aliyefundishwa atasema: “Ya asubuhi na ya mchana umeziacha, na hilo halikuwa jepesi. Ya jioni ina nini?” Hapo mteja ataeleza mwenyewe kuhusu upweke wa jioni, au rafiki anayempitia baada ya magharibi, na mazungumzo yatakuwa yameanza. Katika mafunzo ya kweli, mazungumzo ya namna hii hurekodiwa kwa ridhaa ya mteja, na msimamizi huyasikiliza akihesabu umeuliza maswali mangapi na mara ngapi umemrudishia mteja maana ya maneno yake. Inachosha na inatia aibu, na hakuna njia ya mkato.

Tasnifu ndiyo nafasi yako ya kuiingiza elimu ya afya. Unaweza kuchunguza, kwa mfano, jinsi familia zinavyoielewa methadoni, maana wapo wazazi wanaowatoa watoto wao kwenye tiba wakiamini kwamba wamebadilishiwa ulevi mmoja kwa mwingine. Hata hivyo, jihadhari na jambo moja. Mteja unayempa dawa kila siku hawezi kukukatalia kirahisi ukimwomba ashiriki katika utafiti wako, kwa sababu anaweza kuogopa kwamba kukataa kutaathiri dozi yake, hata kama wewe huna nia hiyo kabisa. Vilevile mtu aliye katika arosto hayuko katika hali ya kutoa ridhaa huru. Fanyia utafiti kliniki nyingine, au mwombe mtu asiyehusika na dawa achukue ridhaa, na uliandike hilo wazi katika ombi lako kwa kamati ya maadili ya chuo na kwa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu.

Shemeji yetu hajakosea kuhusu ajira. Afya ya Jamii hufungua milango ya kusimamia miradi, na kama baada ya miaka kumi unajiona ukiandaa mipango ya mkoa badala ya kukaa na mteja, basi mfuate.

Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Tanga. Kila mwaka tunamwalika kijana aliyewahi kutumia unga aje awasimulie wanafunzi mateso yake, na tunawaonyesha picha za kutisha. Wanafunzi wanalia, lakini baada ya muda nasikia baadhi yao wanavuta. Je, uzamili wa elimu ya afya utanifundisha njia bora zaidi?

Mwalimu, utakufundisha, na pengine somo la kwanza litakuwa kwamba ulichokishuhudia si bahati mbaya ya shule yako. Viwango vya kimataifa vya kuzuia matumizi ya dawa za kulevya, vilivyotolewa mwaka 2013 na ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu na kurekebishwa mwaka 2018, vinataja kutisha wanafunzi na kuwatumia waliowahi kuwa waraibu kama watoa ushuhuda miongoni mwa njia ambazo ama hazina matokeo au zina matokeo mabaya. Nchini Marekani, mpango wa kuwapeleka polisi madarasani ulioanza Los Angeles mwaka 1983 ulienea karibu nchi nzima na kupendwa sana na wazazi, lakini watafiti walipolinganisha wanafunzi walioupitia na wasioupitia waliona tofauti ndogo sana katika matumizi ya dawa. Kijana anayelia ukumbini amesikitika kweli. Lakini jioni, rafiki yake anapomnyooshea sigara, hajui aseme nini ili akatae bila kuonekana mwoga, na hilo hakuna aliyemfundisha.

Kinachosaidia zaidi ni stadi za maisha zinazofundishwa kwa vipindi vingi na kwa mazoezi: kukataa bila kugombana, kukabiliana na hasira na huzuni, na kusahihisha dhana kwamba “kila mtu anavuta”, maana vijana wengi huamini wenzao wanatumia kuliko ilivyo kweli. Katika uzamili utakutana pia na nadharia zinazoeleza kwa nini watu hawafuati ushauri wa afya. Mojawapo ilizaliwa Marekani katika miaka ya 1950, wanasaikolojia wa idara ya afya ya umma walipotaka kujua kwa nini watu hawakwenda kupigwa picha za kifua kupimwa kifua kikuu ilhali huduma ilikuwa ya bure na ililetwa karibu nao. Waligundua kwamba haitoshi mtu kuujua ugonjwa: lazima aone kwamba yeye mwenyewe anaweza kuupata, na kwamba faida ya kuchukua hatua inazidi usumbufu wake. Mvulana wa kidato cha pili anayetazama picha ya mtu aliyekonda na mwenye vidonda hujiambia kwamba yeye hatafika huko, na kwa hiyo picha haimhusu.

Kuhusu udahili, soma sifa za kujiunga kwa makini, kwa sababu programu nyingi za Afya ya Jamii hutaka shahada ya kwanza ya fani za afya, na mwalimu anaweza kukataliwa hata akiwa na alama nzuri. Ukikwama, uzamili wa elimu au wa saikolojia ya jamii unaweza kukufikisha pale pale, mradi upate msimamizi anayekubali tasnifu kuhusu kinga ya dawa za kulevya shuleni. Na huyo kijana anayekuja kutoa ushuhuda, msimkatie mguu. Mwalikeni azungumze na wazazi na walimu kuhusu dalili za mwanzo, jambo analolijua vizuri.

Niko Mombasa. Nikipata uzamili wa ushauri nasaha, ninaruhusiwa kufungua ofisi yangu? Na shahada za mtandaoni zinakubalika?

Kenya ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, inayohusu usajili wa wanaofanya kazi hiyo, na vituo vya tiba ya uraibu viko pia chini ya uangalizi wa NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Kwa hiyo shahada peke yake haikupi ruhusa. Uzamili wa saikolojia ya ushauri unatolewa na vyuo kama Daystar na USIU-Africa, na wa saikolojia ya tiba na Chuo Kikuu cha Nairobi. Kwa shahada ya mtandaoni kutoka nje, pata kwanza jibu la maandishi kutoka kwa mamlaka inayotambua vyeti nchini, na uulize mazoezi ya vitendo yatafanyika wapi, kwa sababu huwezi kujifunza unasihi kwa kutazama video peke yake.

Naishi Unguja. Nilikatiza chuo mwaka wa pili kwa sababu ya unga. Namshukuru Mungu nimepata nafuu, na sasa nasaidia katika nyumba ya upataji nafuu. Wenzangu wanasema mnasihi ambaye hajatumia hawezi kumwelewa mteja. Je, mtu kama mimi anaweza kufika uzamili? Nitalazimika kueleza historia yangu?

Mdogo wangu, unaweza, na njia yako inaanza na kuimaliza shahada ya kwanza. Andikia chuo chako cha zamani uombe nakala ya matokeo ya miaka uliyosoma, kisha uulize kama unaweza kurejea au kuhamishia alama zako chuo kingine. Vyuo vingi vya Tanzania hutaka wastani wa alama (GPA) usiopungua 2.7 katika shahada ya kwanza ili kukuingiza katika uzamili, kwa hiyo masomo utakayorudi kuyafanya yape uzito wote.

Unaposubiri, tafuta mafunzo ya mtaala wa tiba ya uraibu ulioandaliwa chini ya Mpango wa Colombo, shirika la ushirikiano wa serikali za Asia na Pasifiki; mtaala huo umefundishwa katika nchi nyingi za Afrika na unaandaa watu kwa mtihani wa cheti cha kimataifa cha wahudumu wa uraibu.

Wenzako wana haki ya kuthamini walichokipitia. Mteja aliyefika jana akitetemeka hukuamini wewe haraka kuliko anavyomwamini daktari, na Zanzibar isingekuwa na nyumba za upataji nafuu ilizonazo bila ya watu waliopona wenyewe. Lakini uzoefu wako unakufundisha njia moja ya kupona, nayo ni yako. Atakuja mteja anayekunywa pombe kwa sababu ya msiba, atakuja mama anayenyonyesha, atakuja mtu ambaye hatua 12, yaani mpango wa kupona unaofuatwa katika vikundi vya waraibu, hazimwingii kabisa, na hapo ndipo masomo yanapohitajika.

Kuhusu historia yako, fomu ya udahili haihitaji maelezo hayo, na ukiombwa barua ya kueleza nia yako ni hiari yako kusema au kunyamaza. Kwa mteja, kanuni tunayofundishwa ni kujiuliza kabla ya kusimulia: ninalisema hili kwa faida yake au kwa haja yangu? Mtu mmoja tu ndiye ninayekusihi umweleze yote, naye ni msimamizi wako wa mazoezi ya vitendo, kwa sababu kutakuwa na siku utakapomsikiliza mteja akieleza alivyochemsha unga na kujichoma sindano, na mwili wako utakumbuka. Siku hiyo uwe umeshakubaliana naye mapema kwamba utatoka chumbani, utampigia simu, na hutamwona mteja mwingine mpaka mmezungumza.