Mwanao yuko benchi, nawe una simu mkononi

Mechi nyingi za soka la vyuo nchini Marekani huanza saa moja jioni kwa saa za Mashariki. Mwezi wa Septemba hiyo ni saa nane usiku Nairobi na Dar es Salaam. Wamarekani wakirudisha saa nyuma mwanzoni mwa Novemba, inakuwa saa tisa. Kipenga cha mwisho kinapolia kuna mama aliyeketi jukwaani Ohio, baba aliye kazini zamu ya usiku, na mjomba aliyekesha Mombasa akitazama laivu, wote simu mkononi. Tunaandika kuhusu mnayoandika mtandaoni, ninyi wazazi na jamaa wa wachezaji hao, katika saa moja inayofuata hapo, maana ndiyo inayovunja undugu wa wazazi na kuwaaibisha watoto mbele ya wenzao.

Usichapishe kitu usiku huo. Vilabu vingi vya vijana Marekani vina kanuni ya saa 24: mzazi hamfuati kocha kuhusu mechi mpaka saa hizo zipite. Ihamishie kwenye simu yako. Kama moyo umejaa, andika kwenye sehemu ya kuwekea kumbukumbu, mbali na kisanduku cha komenti, halafu usome asubuhi baada ya chai. Mara nyingi utafuta majina ya watu, na sentensi mbili tatu zitakazobaki zitakuwa za mpira kweli.

Ukishaamua kuandika, jitambulishe upande wako. Mzazi wa straika huona pasi ambazo hazikufika. Mzazi wa kiungo huona straika aliyesimama nyuma ya beki akingoja kuletewa. Wametazama mechi moja, na kila mmoja ana nusu ya ukweli. Upendeleo wa mzazi hauondoki kwa kujikaza, na hakuna haja ya kuuonea haya. Ubaya ni kuuficha chini ya jina bandia na kuandika kama mchambuzi asiye na mtoto uwanjani. Wasomaji wa komenti za timu moja ni wachache na wanajuana, hivyo huchukua wiki mbili tu kujua nani ni nani, na hapo hata neno lako la haki linatiliwa shaka.

Tazama komenti ya aina hii, ambayo huonekana karibu kila wiki ya msimu: "Kocha hajui kitu. Namba 4 ni mzigo, anachezeshwa kwa kujuana, wenye kipaji wanaoza benchi." Namba 4 ana miaka 19. Mama yake anaisoma. Yeye mwenyewe anaisoma kabla ya mazoezi ya asubuhi, na mtoto wako anavaa viatu kando yake. Sasa tazama ikiandikwa hivi: "Mimi ni mzazi wa mmoja wa mabeki, nisomeni mkijua hivyo. Kuanzia dakika ya 60 tulipoteza mpira katikati mara tatu huku beki wa kulia akiwa amepanda, na hakuna aliyerudi kuziba nafasi yake. Goli la pili lilipita hapo hapo." Ya pili ina malalamiko yale yale, kali vilevile, lakini mtu anaweza kurudia video akakubali au akakataa. Tumia dakika, eneo la uwanja na kitendo. Namba ya jezi itajwe kwa sifa. Kwa kosa, taja nafasi au kundi zima la ulinzi. Hawa wengi wao ni wanafunzi wanaolala bwenini, na hata wale wachache wanaolipwa bado ni vijana wa watu.

Kabla ya hayo yote, jiulize ulichokiona ulikionaje. Mechi nyingi za vyuo vidogo hurushwa kwa kamera moja iliyowekwa juu katikati ya uwanja, nayo hufuata mpira. Beki anayepanga wenzake kwa sauti, winga anayevuta mtu ili kufungua njia, kiungo anayeziba shimo, hao hawaonekani. Anayeonekana ni mwenye mpira, na makosa ya mwenye mpira. Takwimu za mechi nazo zina mipaka: utapata mashuti, mashuti yaliyolenga goli, kona, faulo, mipira aliyookoa kipa na dakika alizocheza kila mtu. Hazioneshi nani alikimbia kumkaba nani. Tena mara nyingi zinaingizwa na wanafunzi waliokaa mezani, na dakika za kuingia na kutoka huandikwa vibaya pengine. Usimpigie mtu kesi kwa takwimu hizo peke yake.

Kuna zoezi moja linalosaidia kuliko mawaidha. Rudia video ya mechi, chagua mchezaji wa timu pinzani anayecheza nafasi ya mwanao, mtazame yeye tu kwa dakika 15. Hesabu mara ngapi amegeuza kichwa kabla ya kupokea mpira, mara ngapi amerudi nyuma timu yake ilipoupoteza, na amechukua muda gani kuachia pasi. Kisha fanya hivyo kwa mwanao, dakika 15 zile zile. Mzazi aliyefanya zoezi hili huandika tofauti kabisa, na mara nyingine hugundua kuwa mwanae ananyimwa haki kweli; hapo angalau anajua aseme nini.

Lawama nyingine zinatokana na kutojua sheria. Soka la vyuo halichezwi kama ligi mliyozoea. Saa ya uwanjani huhesabu kurudi nyuma hadi sifuri, na husimamishwa goli likiingia au kadi ikitolewa, kwa hiyo hakuna dakika za nyongeza za mwamuzi na hakuna maana ya kumwita mwizi kwa kuzikata. Mchezaji aliyetolewa na kocha kipindi cha kwanza haruhusiwi kurudi kipindi hicho hicho, ukiacha hali chache kama za majeraha. Kipindi cha pili anaweza kurudi mara moja. Ndiyo sababu kocha huweza kumtoa kijana mzuri dakika ya 25 na kumrudisha dakika ya 46 bila hata kumkasirikia. Na tangu 2022, mechi za kawaida za msimu zikiisha sare zinabaki sare. Muda wa ziada umebaki kwenye mashindano ya mwisho wa msimu. Mjomba anayetazama toka Mombasa hana sababu ya kuyajua haya, basi mweleze kwa upole badala ya kumcheka mbele ya watu.

Suala la dakika za kucheza ndilo lenye moto zaidi, na hapa tunasema wazi: mzazi hana taarifa za kutosha kulihukumu hadharani. Kijana anaweza kukaa nje kwa sababu ya jeraha lisilotangazwa. Anaweza kuwa amepata mshtuko wa ubongo. Anatembea, anacheka, anapiga picha na mashabiki, lakini daktari hajamruhusu. Anaweza kuwa na tatizo la masomo au la kifamilia. Sheria ya Marekani ya mwaka 1974 iitwayo FERPA inalinda rekodi za mwanafunzi, na akishaingia chuo haki hizo ni zake, hata kama karo unalipa wewe. Kocha akinyamaza ulipomuuliza, usiufanye ukimya huo kuwa ushahidi. Mara nyingi hawezi kukujibu.

Anayetakiwa kuuliza ni mchezaji mwenyewe, ofisini, kwa miadi, siku isiyo ya mechi. Msaidie kuandaa maswali mawili yasiyozidi: "Mambo gani mawili niyaboreshe ili nipate dakika?" na "Tutapima lini kama nimeboresha?" Aandike majibu siku hiyo hiyo. Mzazi akiandika mtandaoni kabla ya mazungumzo hayo, kijana huingia ofisini akiwa ameshaharibiwa. Na mwulize mwanao kwanza kama anataka uandike chochote. Wengi watasema hapana. Heshimu hiyo hapana.

Fedha vilevile. Kwa miaka mingi timu ya wanaume ya Divisheni ya I, ngazi ya juu ya NCAA inayosimamia michezo ya vyuo, ilikuwa na kikomo cha skolashipu 9.9 na ya wanawake 14, zikigawanywa vipandevipande kwa kikosi kizima. Tangu makubaliano ya kesi ya House (wanamichezo wa vyuo waliyoishtaki NCAA) yaliyopitishwa na mahakama Juni 2025, vyuo vilivyojiunga nayo havina kikomo hicho, ila kikosi cha soka hakizidi wachezaji 28. Kuwa na ruhusa hakumaanishi chuo kina pesa. Divisheni ya III haitoi kabisa ufadhili wa michezo. Msaada wa huko ni wa masomo au wa hali ya familia. Kwa hiyo mtu akiandika kuwa fulani "kapewa full", aghalabu anakisia, na mzazi mwenzake anayelipa nusu ya karo anaumia bure. Kiasi cha msaada wa mtoto, wako au wa mwenzio, hakina kazi mtandaoni.

Sasa la ubaguzi, ambalo familia zetu hulikuta kutoka pande mbili. Mwaka 2020 kampuni ya RunRepeat ya Denmark, ikishirikiana na chama cha wachezaji wa kulipwa cha Uingereza, PFA, ilichambua maneno ya watangazaji katika mechi 80 za ligi kubwa za Ulaya. Sifa za akili zilielekezwa zaidi kwa wachezaji wenye ngozi nyeupe. Nguvu na kasi zikatajwa zaidi kwa wenye ngozi nyeusi. Ukisikiliza mechi za vyuo utasikia mwelekeo huo huo, na komenti huufuata: "mnyama", "mashine", "ana mbio". Ukiona mwanao anasifiwa miguu tu, ongeza wewe la kichwa: eleza alivyosoma pasi ile kabla haijapigwa. Hiyo hurekebisha mazungumzo kuliko kugombana na aliyeandika. Jichunguze pia unavyowaandika vijana wa Afrika Magharibi, maana sisi nasi tuna mdomo huo.

Lipo na la "wageni wanachukua nafasi za watoto wetu", pamoja na tuhuma za umri. Lilipamba moto zaidi baada ya Chuo Kikuu cha Marshall, timu yenye wachezaji wengi kutoka nje, kutwaa ubingwa wa vyuo Mei 2021 kwa kuifunga Indiana 1-0 katika muda wa ziada. Jibu kwa ukweli mfupi: umri na rekodi ya kila mchezaji hupitiwa na NCAA Eligibility Center, kituo cha NCAA cha kuthibitisha sifa za wachezaji, kabla ya kuruhusiwa Divisheni ya I au ya II. Kisha kumbusha kuwa watu hawa hawafanani. Handwalla Bwana alizaliwa Mombasa akakulia Seattle, akachezea Chuo Kikuu cha Washington kabla ya Seattle Sounders, timu ya kulipwa. Philip Mayaka, Mkenya, alitoka Chuo Kikuu cha Clemson akachaguliwa wa tatu kwa jumla na Colorado Rapids mwaka 2021, timu za ligi kuu ya Marekani (MLS) zilipochagua wachezaji wa vyuo. Wa kwanza ni kijana wa mtaa wa pale pale, na anayeandika "mgeni" kwa kuangalia jina hajui hilo.

Upande wa pili ni wetu. Si kila benchi ni ubaguzi, na tukilitumia neno hilo kila Jumapili litakosa uzito siku litakapohitajika. Ubaguzi ukitokea kweli, uchukulie kama kesi: nani alisema nini, maneno yenyewe, tarehe, mahali, waliosikia. Mchezaji apeleke maandishi hayo kwa ofisi ya chuo inayoshughulikia haki za kiraia. Ya rangi na asili yanaangukia chini ya Title VI ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, ya jinsia chini ya Title IX ya 1972, na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu vinabanwa na zote mbili. Komenti yenye hasira iliyotangulia malalamiko rasmi huwapa wanaotuhumiwa nafasi ya kusema familia ina kinyongo cha dakika.

Mwanao akitukanwa, usijibu kwa kutaja jina la mtoto, na usiisambaze komenti ile hata kwa nia ya kuilaani, maana unaipeleka mbele. Piga skrinshoti inayoonesha akaunti, tarehe na saa, nakili kiungo, ripoti, zuia. Kukiwa na tishio, wapigie polisi wa chuo siku hiyo hiyo. Mchezaji aondoe programu hizo kwenye simu usiku wa mechi. Jamaa mmoja anayeaminika amsomee na kuhifadhi yanayohitajika.

Grupu la WhatsApp la wazazi nalo linahitaji mkono wa admini. Lisichukuliwe kuwa la siri; skrinshoti hutoka, na makocha wanaotafuta wachezaji hutazama wanavyoandika wazazi wa mdogo aliye bado sekondari. Kipenga cha mwisho kikilia, admini abadilishe mpangilio ili wenye uongozi tu waweze kutuma, afungue asubuhi. Ujumbe unaomchafua mtoto wa mtu aufute kwa wote, kisha ampigie simu aliyeandika. Asimkemee mbele ya grupu, hasa akiwa mtu mzima mwenye heshima zake. Mwenye kujutia neno dogo ana dakika 15 za kuhariri ujumbe wake. Ujumbe wa kufungulia asubuhi uwe na matokeo, wafungaji, mechi ijayo na saa yake kwa Marekani na kwa Afrika Mashariki. Habari za aliyeumia zisubiri mpaka familia yake iseme yenyewe.