Mama mjane na fundi wa marehemu: ndoa yao itakuwa halali?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mama yetu ni mjane, ana miaka 42. Anataka kuolewa na fundi aliyekuwa akifanya kazi kwa marehemu baba. Baba zetu wadogo wamekubali, ila ndoa ifungwe kimya, mama abaki na jina la marehemu, na fundi asiguse mali. Nimesoma kwamba mjane wa Napoleon, Kaizari wa Ufaransa, naye aliolewa hivyo na Mfaransa mkimbizi. Kanisa linaitambua ndoa ya namna hiyo?

JIBU: Milele amina. Linaitambua, na mfano wako unafaa kuliko ulivyodhani.

Mjane huyo wa Napoleon, Marie Louise, binti wa Kaizari wa Austria na mtawala wa Parma huko Italia, alifunga ndoa na Charles-René de Bombelles tarehe 17 Februari 1834, akiwa na miaka 42 kama mama yako. Bwana huyo alikuwa msimamizi mkuu wa ikulu yake, mtoto wa familia iliyoyakimbia Mapinduzi ya Ufaransa. (Baba yake, balozi wa zamani, alifiwa na mke, akapewa upadre, na mwaka 1819 akawa askofu wa Amiens. Kwa hiyo bwana harusi alikuwa mtoto wa askofu, tena wa halali kabisa!)

Ndoa yao iliitwa ya moganati: mwenye cheo cha chini hapandi kwenye cheo cha mwenzake, na watoto hawarithi kiti. Wajerumani waliiita ndoa ya mkono wa kushoto. Lakini hayo yalikuwa mambo ya ikulu. Altareni hakuna sakramenti ya daraja la pili. Tangu Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, Kanisa lilidai paroko na mashahidi, si ukoo sawa. Na Mtume Paulo anasema mjane yu huru kuolewa na amtakaye, katika Bwana tu (1 Kor 7:39).

Kosa la Marie Louise lilikuwa kwingine. Kabla ya Bombelles aliishi na Jenerali Neipperg, akamzalia jenerali huyo watoto wakati Napoleon yu hai bado, uhamishoni kisiwani St. Helena. Walifunga ndoa mwaka 1821, Napoleon alipokwisha kufa. Hapo ndipo pa kuulizia dhambi, wala si kwenye cheo cha mume.

Sasa masharti ya baba zenu. Jina halina shida. Mali ya marehemu igawanywe kwa sheria ya mirathi kabla ya harusi, na kama kuna makubaliano yaandikwe kwa mwanasheria. Ila yasiingizwe kwenye kiapo. Anayesema "nakubali, iwapo hutadai kitu baadaye" hajafunga ndoa: kanuni ya 1102 ya Sheria za Kanisa inabatilisha ndoa yenye sharti la mambo yajayo. Na wakiongeza kwamba wasizae, hilo ni baya zaidi.

Kuhusu ukimya, ndoa ya siri ipo (kanuni 1130 hadi 1133), huandikwa kwenye daftari la pekee linalofungiwa jimboni. Lakini ni Askofu anayeiruhusu, kwa sababu nzito na ya haraka. Kumwonea aibu fundi si sababu nzito. Harusi ndogo, sawa. Matangazo kanisani yatasomwa.

Mwambie mama aje ofisini na cheti cha ubatizo na cheti cha kifo cha marehemu. Aje na fundi wake. Baba wadogo wabaki nyumbani siku hiyo.